Kuku Tisa wa Don Leocadio na Kodi ya Pikapu

Tarehe ishirini na nane Desemba, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Evaristo Zertuche alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo nje ya bwalo la kiwanda cha pikapu, akaikaza kwa pini nne, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama fundi anayetazama ukuta alioupaka chokaa. Ilikuwa kazi safi. Ilikuwa hata na mhuri. Mhuri huo ulichongwa kwenye nusu ya kiazi, na nusu iliyobaki aliikaanga na mayai akaila, maana Evaristo hakuwa mtu wa kupoteza chakula.

Karatasi ilisema:

“TANGAZO KWA WAFANYAKAZI WOTE. Kufuatia kuanza kutekelezwa rasmi kwa Kodi ya Kuku, kila mfanyakazi mwenye kuku wanne au zaidi nyumbani atatakiwa kusalimisha robo ya kuku hao. Wahesabu watapita majumbani leo kuanzia saa nne asubuhi. Jogoo atahesabiwa kuwa nusu. Vifaranga watajadiliwa. Tunawatakia Mwaka Mpya wenye baraka.”

Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mchanga, palikuwa na saini ya Mheshimiwa Inocencio Palomo, Mkuu wa Idara ya Manyoya.

Saini hiyo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mambo yote. Tarehe ishirini na nane ni siku ya Watoto Wasio na Hatia, na huko Ramos Arizpe, kama kwingine kote Meksiko, ni siku ya kudanganyana kwa ruhusa ya mbinguni. Aliyenaswa huambiwa, “Njiwa mdogo asiye na hatia, umedanganyika,” na hana haki ya kununa. Tena siku hiyo hakuna anayekopesha kitu, hata sindano, kwa sababu kilichokopeshwa tarehe ishirini na nane hakirudi, na mwenyewe hana pa kushtaki. Sasa Inocencio maana yake ni asiye na hatia, na Palomo ni njiwa. Mtu yeyote ambaye angesoma mpaka chini angecheka, angemtukana Evaristo kidogo, kisha angekwenda kunywa uji wake wa mahindi na chokoleti.

Tatizo ni kwamba watu hawasomi mpaka chini. Tatizo la pili, kubwa zaidi, ni kwamba Kodi ya Kuku ipo kweli.

Mwezi wa Oktoba, Licenciada Recio, mkuu wa wafanyakazi, aliwakusanya wote bwaloni kuwaeleza kwa nini kiwanda kiko pale. Licenciada ni jina la heshima la mwenye digrii, na mama huyu alilivaa jina hilo kama koti lililopigwa pasi. Alieleza kwamba miaka sitini na ushee iliyopita wafugaji wa Marekani walikuwa wakiuza kuku Ulaya kwa bei ya kutupa, mpaka wafugaji wa kule wakalia, na serikali zao zikawatoza kuku wa Marekani ushuru mzito. Wamarekani wakakasirika. Wakatafuta cha kulipizia, wakaamua kwamba kila pikapu inayotoka nje italipiwa robo ya bei yake. Baadaye ugomvi wa kuku ukapoa, kuku wenyewe wakasahaulika, lakini ushuru wa pikapu ukabaki, pamoja na jina lake la Kodi ya Kuku. Ushuru ni kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili akaona godoro ni laini.

Waliosalimika ni majirani, alisema Licenciada, kwa sababu wana mkataba. Pikapu ikitengenezwa kwa jirani, na sehemu kubwa ya vyuma vyake ikiwa imezaliwa ndani ya nchi za mkataba, inavuka mpaka kama mtoto anayerudi nyumbani kutoka dukani. Na kwa kuwa mshahara wa siku nzima huku haufiki wa saa chache kule, na reli inakwenda moja kwa moja mpaka mpakani, basi mkulima wa Texas anayetaka pikapu ya nyumbani kwao hutengenezewa Ramos Arizpe. Injini huja kutoka kaskazini, viti hushonwa kusini, nyaya huvuka mpaka mara mbili kabla hazijawasha taa hata moja, na mwishowe gari zima hurudi kaskazini kuuzwa kama mzaliwa wa huko.

Siku hiyo Don Leocadio Siller aliinua mkono. Alikuwa dereva wa uwanjani, yaani kazi yake ilikuwa kuyatoa magari mapya mwisho wa mstari wa kuyaunda, kuyapanga uwanjani, na kuyapandisha kwenye mabehewa ya treni. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kuendesha zaidi ya mita mia tisa kwa mkupuo mmoja. Aliuliza kwa adabu kama alikuwa ameelewa vizuri, kwamba yeye na wenzake wanakula kwa sababu ya kuku.

Licenciada alifikiri kidogo, akajibu kwamba kwa namna fulani ya kisheria, ndiyo.

Don Leocadio alirudi nyumbani akawaongezea kuku wake konzi moja ya mahindi kila mmoja. Alikuwa nao kumi na wawili, na aliwapa majina ya mahali ambako magari yake yalikwenda na yeye hakuwahi kufika. Kulikuwa na Texas, Arizona, Nebraska, Dakota wa Juu na Dakota wa Chini. Kulikuwa na Montana, kuku mwekundu mwenye makelele, ambaye akitaga yai moja mtaa mzima ulipata taarifa.

Kwa hiyo asubuhi ile, watu walipoona maneno “Kodi ya Kuku” kwenye ubao, hawakuona uzushi. Waliona somo la Oktoba limefika majumbani mwao. Uongo mzuri ni ule ambao mama yake ni mkweli.

Don Leocadio alifika ubaoni saa kumi na mbili na robo, akapapasa mfukoni, akakuta miwani yake ameiacha nyumbani. Akamwona Evaristo amesimama kando, amekunja mikono kama shemasi.

“Kijana, nisomee hapa. Macho yangu yamebaki juu ya friji.”

Evaristo alisoma. Alisoma taratibu, kwa sauti ya misa, akaweka kituo baada ya “vifaranga watajadiliwa” ili neno liingie. Alipofika kwenye saini akaona ni dhambi kuliharibu jambo zuri mapema, akaishia kwenye baraka za Mwaka Mpya. Nia yake ilikuwa kumwambia mzee ukweli saa sita, mbele ya meza nzima, wakati wa chakula. Huo ndio mpango, na kwa mtazamo wa Evaristo ulikuwa mpango wa kiungwana.

Mzee aling'ang'ania neno moja. “Robo,” alisema. “Mwenye kuku watatu je?”

“Tangazo linasema wanne au zaidi, Don Leocadio. Mwenye watatu yuko salama.”

“Serikali haikosi huruma,” alisema mzee, akaondoka akihesabu kwa vidole.

Evaristo alirudi kwenye nafasi yake, mahali anapofunga mlango wa nyuma wa kila pikapu kwa bolti nne. Alifanya kazi asubuhi nzima kwa furaha. Mara mbili alisikia wenzake wakibishana kama bata mzinga ni kuku kisheria. Aliwaacha wabishane.

Saa sita alikwenda bwaloni amejiandaa, sentensi ya njiwa iko kwenye ncha ya ulimi. Alimkuta Don Leocadio amekaa peke yake mbele ya tamale mbili, vile vibumba vya unga wa mahindi vya kupikwa ndani ya majani, zilizobaki Krismasi, hajazifungua hata majani. Uso wake ulikuwa wa rangi ya simenti.

“Don Leocadio,” alianza Evaristo, “njiwa mdogo asiye na hatia...”

“Wamekwenda,” alisema mzee.

“Nani?”

“Kuku. Fumba mdomo, nitakueleza.”

Akaeleza kwa sauti ya chini, macho kwenye tamale. Saa tatu, wakati wa mapumziko, alivuka barabara hadi nyumbani kwake, akawaacha kuku watatu kwa ajili ya wahesabu, akawatia tisa kwenye kreti mbili, akazifunika kwa vitambaa vya meza. Mlinzi wa geti alidhani ni chakula cha sherehe ya kumuaga, akamfungulia kwa heshima zote. Maana Don Leocadio alikuwa amebakiza siku kumi na moja tu astaafu. Zawadi ilikuwa imeshanunuliwa, ni saa ya ukutani, na yeye alikuwa anajifanya hajui.

“Nikawaza,” alisema, “mhesabu wa kuku atatafuta majumbani, atatafuta kwa majirani, atatafuta kanisani. Hatatafuta kuku ndani ya kiwanda cha pikapu. Nikawaweka nyuma ya gari moja lililokuwa limetengwa kwa kukosa kioo cha kushoto. Lina kile kifuniko kigumu cha sehemu ya mizigo, lina hewa pembeni. Lilikuwa likae pale mpaka Jumanne.”

“Halafu?”

“Halafu wakaleta kioo.”

Ndivyo kiwanda kizuri kinavyomponza mtu. Kioo kilifika saa tano, kikafungwa kwa dakika nne, na dereva mwingine akaliondoa gari akalipeleka kwenye safu za treni. Don Leocadio aliporudi, mahali palipokuwa na kuku wake palikuwa na doa la mafuta. Treni ingeondoka saa tisa alasiri kuelekea kaskazini.

Evaristo aliimeza sentensi yake ya njiwa. Kila mtu pale alijua kanuni ya kumi na saba, ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa uwanja: mfanyakazi yeyote atakayeweka kitu chake ndani ya gari lililokamilika ataachishwa kazi siku hiyo hiyo. Haikuwa kanuni ya mapambo. Mwaka uliopita mtu alifukuzwa kwa ajili ya nusu ya mkate aliousahau chini ya kiti. Mkate haukutetea wala haukunya.

Basi akasema. Alisema yote, kiazi, pini nne, saini ambayo hakuisoma. Alisema kwa haraka, akitazama chumvi.

Don Leocadio alimsikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo hakuna wahesabu.”

“Hakuna, Don Leocadio.”

“Basi nimewaficha kuku wangu wasionekane na mtu ambaye hayupo.” Akafungua jani la tamale, akalifunga tena. “Na siwezi hata kukasirika. Ni tarehe ishirini na nane.”

Evaristo angependa zaidi kupigwa kofi. Akainuka, akamwomba msimamizi wake ruhusa kwa sababu ya tumbo, jambo ambalo halikuwa uongo kabisa, akamfuata mzee uwanjani.

Safu za treni zilikuwa na pikapu mia moja na arobaini na sita, zote nyeupe, maana kaskazini mwaka ule walipenda nyeupe. Upepo wa Desemba ulikuwa ukishuka kutoka milimani ukikata masikio. Gari walilolitafuta lilikuwa na alama moja tu, kukosa kioo cha kushoto, na alama hiyo ilikuwa imerekebishwa. Funguo za safu zote zilikuwa zimeshakusanywa. Walichoweza kufanya ni kupita gari kwa gari, mzee akitikisa punje za mahindi ndani ya kopo la nyanya na kuita kwa mdomo uliobanwa, “Piu-piu-piu,” huku Evaristo akitega sikio kwenye kila kifuniko kama daktari wa kifua.

Hawakusikia kitu. Kuku akiwekwa gizani hudhani ni usiku, na akidhani ni usiku hulala. Montana, ambaye siku nyingine zote alikuwa kipaza sauti cha mtaa, alikuwa amelala kama askofu.

Walikuwa wamefika gari la tisini walipoona watu wanatoka ofisini. Mbele alikuwa Licenciada Recio, koti limepigwa pasi, uso pia. Pembeni yake alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, Bwana Halvorsen, mwanasheria wa ushuru kutoka makao makuu, aliyekuja kutazama treni ya mwisho ya mwaka ikipakiwa. Kihispania chake kilikuwa cha kujifunza jikoni, kwa mpishi wa mama yake, kwa hiyo hata mambo ya forodha aliyaongea kama anaomba chumvi.

Hapakuwa na pa kujificha. Evaristo na Don Leocadio walisimama wima kando ya gari kama waliotumwa pale. Kopo la mahindi mzee alilitia chini ya kofia yake, na kofia akaiweka kifuani.

“Huyu ndiye Don Leocadio,” Licenciada alimwambia mgeni. “Miaka thelathini na mmoja. Tunamuaga wiki ijayo. Hajawahi kukwaruza hata gari moja.”

Bwana Halvorsen alifurahi. Alimshika mzee mkono, kisha, kwa kuwa wanasheria wakipata wasikilizaji wawili huona ni umati, akaegemea pikapu ya karibu na kuanza kueleza kazi yake. Alieleza habari za Ulaya. Alieleza habari za ile robo. Alieleza jinsi alivyotumia maisha yake yote kuthibitisha kwa makaratasi kwamba gari lililozaliwa huku ni la kule, bolti kwa bolti, ili lisilipe deni la kuku walioliwa kabla yeye hajaota ndevu. Don Leocadio aliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili. Jasho lilikuwa linamtoka katikati ya upepo.

“Na fikirieni,” alisema mgeni, akipiga kifuniko cha pikapu kwa kiganja, pa, pa, pa, “miaka yote hiyo ya kodi ya kuku, sijawahi kumwona kuku mwenyewe.”

Ndani ya gari kitu kilijikung'uta. Kisha Montana, aliyeamshwa na kile kiganja na kukuta ana yai tayari, akatetea.

Alitetea kwa kirefu. Alianza chini, akapanda, akarudia, akaongeza maelezo. Nebraska akamuunga mkono. Dakota wote wawili wakaingilia. Katika lugha yetu kuku akitangaza yai lake tunasema anatetea, na wakili akimsimamia mtu mahakamani tunasema vilevile, na hapajawahi kuwa na siku ambayo maneno hayo mawili yalihitajiana kuliko siku ile.

Licenciada alimgeukia karani wa funguo aliyewafuata nyuma. Alinyoosha mkono, akachukua ufunguo, akafungua kifuniko mwenyewe. Kreti mbili, vitambaa vya meza vyenye maua, kuku tisa wakipepesa macho kwenye mwanga, na yai moja la rangi ya kahawia, lina joto bado.

“Kuku hawa ni wa nani?”

Don Leocadio aliweka kopo chini. Alipiga hatua moja mbele, akanyoosha mgongo, na Evaristo akaona kwamba mzee anakwenda kusema kweli, kwa sababu hakujua kusema kitu kingine. Miaka thelathini na mmoja, saa ya ukutani, vyote vilikuwa vinakwenda kuishia kwenye sentensi moja.

“Ni wangu,” alisema Evaristo.

Wote wakamgeukia.

“Wako wewe? Wewe unapanga chumba juu ya duka la matairi.”

“Walikuwa wa Don Leocadio, Licenciada. Amenikopesha.”

“Lini?”

Evaristo akainua kidevu. “Leo asubuhi.”

Karani wa funguo alianza kukohoa. Don Leocadio alimtazama kijana, na taratibu, kama mtu anayesikia wimbo anaoujua ukitokea nyumba ya mbali, akaelewa kwamba anaokolewa, na kwamba kuokolewa kwenyewe kutamgharimu kuku tisa.

“Ni kweli, mzee?” aliuliza Licenciada. “Umemkopesha kuku, leo, tarehe ishirini na nane?”

Mzee alimtazama Montana kwa muda mrefu.

“Nimemkopesha,” alisema. “Basi si wangu tena.”

Bwana Halvorsen aliomba kuelezwa. Licenciada akamweleza ile desturi, kwa ufupi na bila kutabasamu, kama anasoma kifungu. Mgeni akauliza kanuni ya kiwanda inasemaje. Akaonyeshwa ukutani. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata maneno mekundu, na uso wake ukaanza kung'aa kama wa mtoto aliyeona pipi.

“‘Kitu chake,’” alisema. “Imeandikwa ‘kitu chake.’ Nani aliyeziweka kreti garini?”

“Mimi, bwana,” alisema Don Leocadio.

“Lakini kuku hawakuwa wako. Ulikuwa umekopesha. Na wewe, kijana, kuku ni wako, lakini hukuwaweka.”

“Nilikuwa nafunga milango, bwana. Milango mia mbili na sita.”

“Basi aliyeweka si mwenye kitu, na mwenye kitu hakuweka.” Bwana Halvorsen aliivua kofia yake ya sufu, akafutia machozi ya kicheko. “Licenciada, mimi nimelipwa mshahara miaka thelathini kwa hoja dhaifu kuliko hii. Gari hili lenyewe litavuka mpaka kesho kwa hoja dhaifu kuliko hii.”

Licenciada aliinamisha kichwa kwa adabu, akamwomba Evaristo asogee naye kando, nyuma ya gari la tisini na mbili. Hapo akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa na matundu manne ya pini na mhuri wa kiazi.

“Idara ya Manyoya,” alisema.

Evaristo alitazama viatu vyake.

“Niliisoma saa moja asubuhi, kwa haraka, nikiwa na simu mbili mkononi. Sikufika chini. Nikampigia mama yangu.” Akaipindua karatasi. “Mama yangu ana umri wa miaka sabini na minne, Zertuche. Amepanda basi kwenda Monclova na kuku saba. Simu yake imezima.”

“Licenciada, mimi...”

“Usiseme kitu. Utalisafisha gari hilo mpaka lisahau kwamba liliwahi kumwona kuku. Kisha kila nusu saa utapiga namba hii mpaka mama aipokee, na wewe ndiye utakayemweleza. Kwa jina lako kamili. Na hakuna mtu mwingine atakayejua habari za Monclova.”

“Hakuna, Licenciada.”

“Don Leocadio ataagwa kama ilivyopangwa.” Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, na kona moja ya mdomo wake ikasaliti koti lote lililopigwa pasi. “Jogoo atahesabiwa kuwa nusu,” alisema, akaenda zake.

Evaristo aliegemea gari la tisini na mbili. Hewa aliyoivuta ilikuwa baridi na ilinukia rangi mpya ya magari, na alikuwa hajui kwamba mtu anaweza kufurahia harufu ya matairi kiasi kile.

Alisafisha. Alisugua nyuma ya ile pikapu kwa sabuni, akaikausha kwa fulana yake, akaikagua kwa tochi. Mama wa Licenciada alipokea simu saa nane na nusu. Alimsikiliza Evaristo mpaka mwisho, akamuuliza mama yake mzazi anaitwa nani na kama bado anasali, kisha akacheka mpaka kuku saba wakasikika nyuma yake wakiuliza kuna nini. Alisema haji leo, dada yake ameshaweka sufuria jikoni kwa ajili ya maharage.

Saa tisa kamili treni ilipiga honi, ikaondoka na pikapu zake nyeupe kuelekea mpakani. Bwana Halvorsen aliomba apewe lile yai aondoke nalo. Aliambiwa kwamba yai haliruhusiwi kuvuka mpaka, akasema bila shaka yeye ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Katika gari moja, chini ya ukingo wa mlango wa nyuma, kulibaki unyoya mmoja mwekundu ambao tochi haikuuona. Ulivuka salama, bila kulipa chochote.

Jioni, jua likiwa bado juu ya milima, Evaristo alivuka barabara amebeba kreti mbili. Don Leocadio alikuwa ameshafika kwake, amekaa kizingitini, miwani machoni.

“Nimewaleta, Don Leocadio. Chukua kuku wako.”

“Siwezi.”

“Mzee, ule ulikuwa mchezo wa maneno tu.”

“Maneno hayohayo yameniachia kazi yangu. Siwezi kuyatumia saa nane na kuyakana saa kumi na moja. Kilichokopeshwa leo hakirudi. Ni wako.”

Evaristo alitazama kreti. Montana alimtazama yeye, kwa jicho moja, bila mapenzi.

“Lakini mimi ninakaa juu ya duka la matairi.”

“Hilo nalijua. Nimefikiri.” Mzee aliinuka, akafungua mlango wa banda, na wale watatu waliobaki wakatoka mbio kuwapokea wenzao. “Nitakufugia. Wewe ni mwenye kuku, mimi ni mtunzaji. Kila wakitaga mayai manne, moja lako. Matatu yangu.”

“Matatu? Mimi ndiye mwenye kuku halafu napata robo?”

“Robo ndiyo sheria,” alisema Don Leocadio, akimwaga konzi za mahindi, kubwa kuliko za siku zote. “Na siku nyingine ukiombwa kusoma, mwanangu, soma mpaka kwenye saini.”